Mpenda Santuri: Husikiliza Wimbo au Husikiliza Chombo?

Katika nyumba za zamani mahali pa heshima sebuleni palikuwa pa kiti cha mzee. Baadaye ikaingia redio ya betri, ikafunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono ili vumbi lisiiguse. Siku hizi, katika nyumba za wenye uwezo, mahali hapo pamekaliwa na amplifaya, kinanda cha santuri na spika mbili ndefu zilizosimama kama walinzi wa mlangoni. Si vibaya mtu kuipamba nyumba yake kwa jasho lake. Lakini mgeni anapoingia nyumbani yafaa ijulikane amekuja kwa shughuli gani, na juu ya mgeni huyu baba, mama na watoto mara nyingi hawasemi neno moja. Je, mtu anayegharimia vyombo hivyo anaupenda muziki? Au anaipenda sauti yenyewe, hata kama wimbo unaoimbwa haumgusi moyoni?

Mfano mmoja watosha kulieleza jambo hili. Baba mmoja mwenye nyumba, mtumishi wa mshahara wa kadiri, alijinyima kwa miaka mitatu hata akavipata vyombo alivyovitamani. Wageni wakija siku ya Jumapili huwaketisha mahali alipopapima kwa futi, kisha huweka santuri. Kabla ubeti wa pili haujaanza hunyanyua sindano na kuwauliza kama wamelisikia lile toazi la upande wa kushoto. Huweka santuri nyingine, na hiyo nayo haifiki mwisho. Siku moja mkewe alimwuliza kwa upole: "Baba watoto, nyimbo za humu ndani huisha lini?"

Baba yake akafika kutoka kijijini, mkononi ana kaseti ya mwaka 1979 iliyorekodiwa katika harusi ya dada yake, yaani shangazi wa yule mwenye nyumba. Ndani ya kaseti hiyo mkewe, ambaye sasa ni marehemu, anaongoza nyimbo za wanawake. Kanda imechakaa, inakwaruza, na mbwa wanabweka kwa mbali. Mwana akaitazama akasema kwamba kanda kama ile haifai kuchezwa katika chombo kile, kwa kuwa ni kelele tupu. Mzee hakukasirika. Alijibu: "Mwanangu, sikuja kuisikiliza kanda. Nimekuja kumsikiliza mama yako."

Katika jibu hilo ndimo lilimo swali lote. Nalo si swali la leo wala la nyumba moja. Limekuwako tangu sauti ya binadamu iliponaswa kwa mara ya kwanza, na aliyekuwa wa kwanza kulijibu kwa makosa ni yule yule aliyekivumbua chombo.

ALIYECHAGUA SAUTI AKAUACHA WIMBO

Thomas Edison wa Marekani alivumbua fonografu mwaka 1877. Ni ajabu ya dunia kwamba mtu huyo alikuwa mzito wa kusikia tangu utotoni, hata ikambidi nyakati nyingine kuuma ubao wa kinanda ili mtikisiko wa sauti umfikie kwa njia ya meno. Huenda kwa sababu hiyo hiyo alijali mno usafi wa sauti. Mwaka 1912 kampuni yake ilitoa santuri za aina mpya, nene kiasi cha milimita 6, zilizochezwa kwa sindano ya almasi. Wajuzi wengi wamekiri kwamba kwa wakati ule hapakuwa na santuri iliyotoa sauti safi kuzishinda.

Ili watu waamini, kuanzia mwaka 1915 kampuni hiyo ilifanya maonyesho katika miji mingi. Mwimbaji alisimama jukwaani kando ya chombo, akaimba, akanyamaza, chombo kikaendelea. Taa zilizimwa, na wasikilizaji wakatakiwa kubahatisha ni nani anayeimba, mtu au mashine. Mwaka 1916 maonyesho ya namna hiyo yalifanyika katika ukumbi maarufu wa Carnegie Hall mjini New York. Wengi walitoka wakiapa kwamba hawakuona tofauti. Miaka mingi baadaye mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, alieleza kwamba yeye mwenyewe aliilegeza sauti yake ifanane na ile ya chombo. Basi mtu ndiye aliyeiga mashine, na watu wakaisifu mashine kwa kumwiga mtu.

Lakini kosa kubwa la Edison halikuwa hilo. Yeye aliona kwamba anauza sauti, na kwamba jina la mwimbaji ni gharama isiyo na maana. Kwa muda hakuruhusu majina ya waimbaji yachapwe juu ya santuri zake. Nyimbo alizichagua mwenyewe kwa masikio yake mazito, akawakataa waimbaji ambao sauti zao zilitetemeka, na muziki wa jazi uliokuwa ukipendwa na vijana hakuupenda kamwe. Washindani wake wa kampuni ya Victor walikuwa na chombo ambacho hakikumpita kwa usafi, ila walikuwa na Enrico Caruso, mwimbaji wa Kiitalia aliyependwa ulimwengu mzima. Watu wakaenda kwa Caruso. Mwezi Oktoba 1929 kampuni ya Edison ikaacha kabisa kutengeneza santuri.

Zilikuwako sababu nyingine pia. Santuri zake hazikuweza kuchezwa kwa urahisi katika vyombo vya wengine, na redio ilikwisha kuingia majumbani. Hata hivyo somo ni wazi. Aliyekuwa na sauti bora pasipo nyimbo zilizotakiwa alishindwa na aliyekuwa na nyimbo zilizotakiwa katika sauti ya kadiri.

NYIMBO ZILIZOUSHINDA UBOVU WA MITAMBO

Caruso mwenyewe alirekodi santuri zake za kwanza zilizompatia sifa mwezi Aprili 1902, katika chumba cha hoteli mjini Milan. Hapakuwa na maikrofoni wala umeme katika kazi hiyo. Mwimbaji aliimbia ndani ya pembe ya bati, na nguvu ya pumzi yake ndiyo iliyosukuma sindano iliyochora nta. Sauti nene za chini na sauti nyembamba za juu zilipotea njiani. Kilichobaki kilikuwa kama mtu anayeimba nyuma ya ukuta. Pamoja na hayo, watu wamemsikiliza kwa zaidi ya miaka mia moja, na wangali wanamsikiliza.

Huku Afrika ya Mashariki mfano haupo mbali. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja, mwanamke aliyeinukia katika umaskini na kuuza vyungu, alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili katika santuri za His Master's Voice. Kila upande wa santuri ulichukua dakika tatu hivi tu. Gramafoni zilizozicheza zilikuwa za kuzungushwa kwa mkono, na sindano za chuma zilikula santuri kila mara zilipoipitia. Mtu wa pwani aliyeketi barazani kumsikiliza Siti hakuuliza habari ya toazi la upande wa kushoto. Alikuwa anaisikia lugha yake mwenyewe ikitoka katika chombo cha kigeni, naye alitaka kujua ubeti unaofuata utasema nini.

Bara nako, mwaka 1952, mtafiti Hugh Tracey alipita katika Katanga na mitambo yake ya kunasia sauti. Katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, alimkuta kijana mpiga gitaa aitwaye Jean Bosco Mwenda, akamrekodi akiupiga wimbo wake "Masanga". Hapakuwa na studio yenye kuta za kuzuia mwangwi. Palikuwa na gitaa moja, mtu mmoja, na vidole vilivyocheza kana kwamba wapigaji ni wawili. Santuri hiyo ilisafiri mbali, na wapiga gitaa wa nchi nyingi wamejitaabisha kuyafuata mapigo yake. Anayejifunza wimbo huo hadi leo hujifunza mkono wa Mwenda. Habari za mtambo ni za wataalamu.

MASIKIO YANAPOSAIDIWA NA MACHO

Wapenda sauti watajibu kwamba hayo ni mambo ya kale, na kwamba leo vyombo vimefikia daraja ambalo mtu mwenye sikio lililofunzwa husikia yale ambayo wengine hawayasikii. Dai hilo linastahili kupimwa, nalo limepimwa.

Mwaka 2007 wachunguzi wawili wa Marekani, Meyer na Moran, walitangaza matokeo ya jaribio lao katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti. Walichukua diski zilizosifiwa kuwa na sauti ya hali ya juu kabisa. Kisha waliipitisha sauti hiyo hiyo katika kipimo cha kawaida cha diski za CD zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, na kuwataka wasikilizaji waseme ipi ni ipi pasipo kuona. Miongoni mwa wasikilizaji walikuwamo mafundi wa studio na wapenda sauti wa siku nyingi. Jaribio lilirudiwa mara 554, nao walipatia mara 276, yaani karibu nusu kwa nusu. Mtu anayerusha sarafu hewani angepata matokeo kama hayo.

Mwaka 2022 likatokea jambo lililowatahayarisha wengi zaidi. Kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani, inayouza santuri za bei kubwa kwa wapenda sauti, ilikuwa ikisifiwa kwa kuzichonga santuri zake kutoka kanda za asili. Wanunuzi wengi waliamini kwamba hapakupita hatua yoyote ya dijitali, yaani ya kuigeuza sauti kuwa tarakimu. Mwezi Julai wa mwaka huo ikadhihirika kwamba tangu mwaka 2011 nyingi za santuri hizo zilipitia hatua hiyo hiyo. Shauri likafika mahakamani, na wanunuzi wakafanyiwa mapatano. Wanunuzi hao walikuwa na haki ya kulalamika, kwa maana bidhaa yapasa kuelezwa kwa ukweli. Lakini yatakiwa ikumbukwe pia kwamba miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakiapa kuwa masikio yao huitambua dijitali papo hapo, na kwa muda wa miaka kumi na moja walizisifu santuri zile zile. Sikio halikulalamika hata siku moja. Lililolalamika ni jicho liliposoma habari.

Tena kuna kichekesho cha maumbile. Mtoto huweza kusikia sauti za juu hadi mitikisiko ipatayo 20,000 kwa sekunde. Kadiri umri unavyosonga sauti hizo za juu hutoweka kidogo kidogo, hata mtu wa miaka hamsini huwa amekwisha kupoteza sehemu yake. Hivyo, mara nyingi, mtu anapopata fedha za kununua spika zenye uwezo wote huo, masikio yake yamekwisha kuaga. Faraja ni kwamba muziki haukukaa huko juu. Noti ya mwisho kabisa ya piano ina mitikisiko isiyozidi 4,200 kwa sekunde, na sauti ya mama anayebembeleza mtoto iko chini mno ya hapo.

HAKI YA MPENDA SAUTI

Baada ya hayo yote isidhaniwe kwamba mpenda sauti ni mtu wa kuchekwa. Anayo haki yake, tena kubwa. Watu wengi huwasha redio asubuhi na kuizima usiku pasipo kuweza kutaja wimbo mmoja uliopigwa. Mpenda sauti huketi, hunyamaza, na hutega sikio. Adabu hiyo ya kusikiliza ni adimu, na ingefaa ifundishwe watoto.

Pia sauti mbovu huiba. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa ngoma nzito ya chini, na anayeijua dansi kwa njia ya simu peke yake hajapata kulisikia gitaa la besi linavyoubeba wimbo mgongoni. Spika ikipasuka, maneno hugeuka kuwa uvumi. Hao Meyer na Moran wenyewe waliona kwamba diski nyingi za hali ya juu zilipendeza kuliko za kawaida, kwa sababu waliozitengeneza walifanya kazi kwa uangalifu zaidi. Hivyo uzuri ulitoka katika mkono wa fundi, wala haukutoka katika tarakimu zilizoandikwa juu ya kasha.

Basi kipimo ni hiki. Chombo ni kama kioo cha dirisha. Kikiwa kichafu, mtu haoni shamba lililo nje, na ni wajibu kukisafisha. Lakini yule anayekisugua kutwa kucha na kuwaita majirani waje watazame kioo, shamba amekwisha kulisahau. Dalili yake ni rahisi kuitambua: nyimbo zake haziishi. Huyo na ajiulize ni lini mara ya mwisho alipolia, alipocheza, au alipomkumbuka mtu kwa sababu ya wimbo. Akiikumbuka siku hiyo, vyombo vyake ni halali yake. Asipoikumbuka, kuongeza vyombo vingine hakutamponya.

MAMBO YA KUFUATA NYUMBANI

Kwa familia inayotaka sauti njema pasipo kuitia nyumba katika deni, yako mambo machache yenye faida kuliko chombo kipya.

La kwanza ni chumba. Kuta tupu za saruji na sakafu isiyo na kitu huirudisha sauti mara nyingi, na maneno yakachanganyikana. Mkeka au zulia sakafuni, mapazia mazito dirishani, na rafu ya vitabu ukutani huituliza. Spika isisukumwe pembeni kabisa mwa chumba, maana huko besi huvimba na kuvuma kama pipa.

La pili ni usafi. Santuri zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na jua, zisilundikwe. Zifutwe vumbi kwa kitambaa laini, na sindano iliyokwisha makali ibadilishwe, kwa kuwa huikwangua santuri nzima.

La tatu ni kiasi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa kwa muda wa saa 40 kwa wiki bila kulidhuru sikio, lakini ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4. Vijana wanaoziba masikio kwa spika ndogo waambiwe mapema, kwani sikio likishaharibika kwa kelele halirudi lilivyokuwa.

La nne, na kwa familia nyingi ndilo kubwa, ni kaseti za zamani. Kanda haidumu milele. Isiwekwe juani wala juu ya spika, kwa sababu ndani ya spika mna sumaku iwezayo kuifuta. Yafaa itafutwe tepurekoda iliyo nzima, kichwa chake kisafishwe, kanda ichezwe mara moja kwa uangalifu na kunakiliwa katika kompyuta. Nakala zihifadhiwe mahali pawili tofauti. Wimbo wa dukani ukipotea hupatikana tena, lakini sauti ya bibi haiuzwi popote.

Yule mwenye nyumba aliyetajwa mwanzoni alikubali mwishowe, kwa kumstahi baba yake. Aliazima tepurekoda kwa jirani, akaiunganisha na amplifaya yake, akaicheza kaseti ile ya harusi. Mikwaruzo ikasikika wazi kuliko ilivyopata kusikika, na mbwa nao wakabweka sebuleni. Kisha ikaja sauti ya mama yake. Katikati ya wimbo mama alinyamaza kidogo, akasema maneno mawili matatu kwa ukali, akaendelea kuimba.

Mzee alikuwa ameisikiliza kanda hiyo kijijini kwa miaka mingi katika redio ndogo, na siku zote mahali hapo alisikia mkoromo tu. Safari hii maneno yalisikika vizuri. Mama alikuwa akimkemea mtoto wa miaka minne aache kuivuta khanga yake, naye alimwita mtoto huyo kwa jina.

Mwenye nyumba hakuigusa kanda. Ilichezwa mpaka ikafika mwisho.